Kigamboni inamlipa anayehamia kuliko anayesubiri

Kutoka Magogoni, jirani na Soko la Samaki la Feri, Kigamboni inaonekana kwa macho: minazi, paa za bati, watu wanaopanda na kushuka kwenye kivuko. Upande wa huku kuna Posta na benki zake, mahakama na maofisi. Upande wa kule kuna viwanja ambavyo mtumishi wa kawaida bado anaweza kuviwaza bila kujifunga mkopo wa maisha. Katikati umepita mlango wa bandari, na mkondo huo mwembamba ndio ulioshikilia bei ya ardhi ya Kigamboni kwa miaka mingi.

Ndiyo maana anayefanya kazi Posta huenda kununua kiwanja Bunju, Chanika au Kibaha, kilomita ishirini, thelathini au zaidi, kabla hajafikiria kuvuka maji. Foleni ya barabarani ameizoea, lakini kivuko kinampa mashaka. Kwa yule aliyeyazoea maji, au anayepita darajani, hapo ndipo nafasi ilipo.

Makala haya yanaipima Kigamboni kwa watu wawili: familia inayotafuta mahali pa kujenga na kuishi, na mwekezaji anayetaka fedha yake izae. Msimamo niutoe mapema. Kigamboni ni mahali pazuri pa kuhamia, na ni mahali pagumu pa kununua ukaacha pori likisubiri bei ipande. Sababu zake zipo ardhini, kwenye karatasi na kwenye hesabu.

Wilaya kubwa, watu wachache

Kwa eneo, Kigamboni ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Dar es Salaam, ikiwa na takriban kilomita za mraba 578. Kwa watu ndiyo ndogo kuliko zote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 317,902, wakati Temeke, wilaya iliyoizaa, ilikuwa na wakazi 1,346,674. Jiji zima lilikuwa na watu 5,383,728. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi moja ya ardhi ya mkoa huu imekaliwa na watu wasiofika asilimia sita ya wakazi wake.

Nafasi hiyo haifanani kila mahali. Kata zake tisa zinaweza kugawanywa katika mikanda mitatu, na anayesema tu kwamba amepata kiwanja "Kigamboni" hajasema kitu.

Mkanda wa kwanza ni kata za Kigamboni na Tungi, karibu na kivuko. Huku ni mji wa zamani. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na maeneo mengi yalijengwa kabla ya kupimwa. Faida yake ni kwamba unashuka kivukoni na kutembea hadi nyumbani.

Mkanda wa pili ni Vijibweni, Kibada na Mjimwema. Kibada ilinufaika na mradi wa viwanja 20,000 ambao Wizara ya Ardhi iliuendesha jijini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tofauti unaiona ukiingia tu: barabara za mitaa zimenyooka, viwanja vina bikoni, na gari la kuvuta majitaka linafika mlangoni. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lilijenga nyumba za gharama nafuu hapo. Mjimwema ina fukwe na hoteli zake, na bei ya ardhi hupanda kila unapousogelea upepo wa bahari.

Mkanda wa tatu ni Somangila, Kisarawe II, Kimbiji na Pembamnazi. Huku ndiko matangazo mengi ya bei ya chini yanakotoka. Kuna mashamba ya minazi na mihogo, mapori yaliyokatwa viwanja, na nyumba moja moja zilizosimama mbali na jirani. Kimbiji ina kiwanda cha saruji, na barabara ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji, yenye kilomita 41, ndiyo inayosubiriwa na kila aliyenunua ukanda huo. Pale lami inapofika, maisha hubadilika. Pale isipofika, mvua za masika huamua siku hiyo nani ataenda kazini.

Kivuko na daraja

Nauli ya mtu mzima kwenye kivuko cha Serikali ni Sh200, na safari yenyewe ni ya dakika chache. Tatizo ni kusubiri. Huduma hiyo iko chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, na kwa miaka mingi imetegemea vivuko vitatu: MV Kigamboni, MV Kazi na MV Magogoni, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, chenye uwezo wa kubeba watu 2,000 na magari 60. Kivuko kimoja kikiharibika, geti la kusubiria hujaa hadi barabarani. Kikubwa chao kilipopelekwa Mombasa kufanyiwa matengenezo mwaka 2023, wakazi waliiona tofauti kila alfajiri. Mwaka 2025 boti za kampuni binafsi ziliingia kuongeza nguvu, kwa nauli ya juu zaidi.

Njia ya pili ni daraja. Lilizinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na linaunganisha Kurasini na Vijibweni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulichangia asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Kwa sababu mfuko ulitaka kurudisha fedha za wanachama, magari na pikipiki hulipa tozo. Tozo hiyo ilipigiwa kelele tangu mwanzo, na mwaka 2022 Serikali ikaipunguza. Hata hivyo, mwenye gari anayevuka asubuhi na kurudi jioni aiweke kwenye bajeti kama anavyoweka mafuta.

Daraja lilifanya jambo moja ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa: lilihamisha kitovu cha Kigamboni. Kabla ya 2016, thamani ilipimwa kwa umbali kutoka kivukoni. Baada ya hapo, Kibada na Vijibweni zikawa ndizo mlango wa mbele kwa wenye magari, na maduka ya vifaa vya ujenzi, vituo vya mafuta na shule binafsi zikafuata barabara hiyo.

Njia ya tatu ni ya nchi kavu, kupitia Kongowe na Mbagala. Ni ndefu, lakini ndiyo inayookoa siku ya dharura. Kumbuka tu kwamba barabara hizi zinatumiwa pia na malori ya mafuta. Matangi ya kuhifadhia mafuta yapo Kigamboni, na bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kwenda Ndola, Zambia, linaanzia hapa. Anayenunua Vijibweni aulize kiwanja kiko umbali gani kutoka kwenye matangi na njia za mabomba, na aulize mapema.

Mabasi ya mwendokasi bado hayajavuka kuja huku. Mkazi asiye na gari anaunganisha daladala, kivuko, kisha daladala nyingine, na wa ndani anaanza na bodaboda.

Tangazo na ardhi yenyewe

Soma tangazo moja la kawaida la dalali: "Kiwanja 20 kwa 20, Kigamboni, dakika 20 kutoka feri, mita 500 kutoka barabara kuu, umeme na maji vipo, hakina mgogoro." Kila kipande cha sentensi hiyo kinahitaji kwenda kukaguliwa kwa miguu.

"20 kwa 20" ni mita au ni hatua? Viwanja vingi ambavyo havijapimwa hukatwa kwa hatua za miguu. Kama ni mita, kiwanja kina mita za mraba 400. Kama hatua za anayekata ni za sentimita 75, utabaki na mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Umepoteza karibu nusu, na bei ni ileile. Nenda na futi kamba.

"Dakika 20 kutoka feri" ni kwa pikipiki, saa tano asubuhi, siku isiyo na mvua. Nenda saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi, kwa usafiri utakaoutumia ukiwa mkazi. "Mita 500 kutoka barabara kuu" nazo zipime kwa njia inayopitika, maana ndege peke yake ndiye anayekatisha moja kwa moja. Uliza kama njia hiyo iko kwenye ramani ya mipango miji au inapita kwenye shamba la mtu ambaye kesho atajenga ukuta.

"Umeme upo" mara nyingi ina maana nguzo ya mwisho inaonekana kwa mbali. Hesabu nguzo kutoka hapo hadi kwenye kiwanja, kisha ulizia shirika la umeme, TANESCO, gharama ya kuvuta.

Dalali mzoefu ana maneno ya kila kizuizi. "Bosi, hapa mwakani lami inapita." "Mama, usiogope pori, wenzako wote wameshanunua, wanasubiri tu." Sentensi hiyo ya pili ndiyo ya kusikilizwa kwa makini kuliko zote. Kama wote wamenunua na wote wanasubiri, nani atakuwa jirani yako? Mwizi akija usiku utampigia nani kelele? Nguzo ya umeme itavutwa kwa ajili ya nani?

Chumvi ukutani

Ubaya mmoja wa Kigamboni hauonekani siku ya kuoneshwa kiwanja: maji ya chumvi. Maeneo mengi yaliyo karibu na bahari, na hata baadhi ya yaliyo ndani, visima vifupi hutoa maji yenye chumvi. Sabuni haitoi povu. Birika huota ukoko mweupe. Bomba la chuma huanza kutoboka kabla ya wakati wake.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye nyumba yenyewe. Fundi anayechanganya zege kwa maji ya kisima cha chumvi anaweka adui ndani ya nguzo. Nondo hupata kutu, kutu huvimba, zege hupasuka. Plasta nayo huchanua unga mweupe ambao haufutiki kwa rangi, maana unatoka ndani. Anayejenga huku anunue maji baridi ya boza kwa ajili ya zege na plasta, hata kama kisima kipo uani. Gharama ya maboza machache ni ndogo ukilinganisha na kubomoa linta baada ya miaka michache.

Habari njema ni kwamba chini kabisa ya ardhi hiyohiyo kuna hazina. Ukanda wa Kimbiji una mwamba wenye maji mengi matamu, yanayofikiwa kwa visima virefu. Novemba 2022, jiji likiwa kwenye mgawo mkali baada ya Mto Ruvu kupungua, mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa ukiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 70 kwa siku. Kwa hiyo Kigamboni, iliyokuwa ikinunua maji kwa madumu, ikawa inasaidia kuinywesha Dar es Salaam. Lakini maji ya kwenye tangi kuu na maji ya bomba la mtaani kwako ni mambo mawili. Kabla ya kulipa, gonga nyumba tatu za jirani, uliza kama wana mita ya mamlaka ya maji, DAWASA, na uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Anayevutiwa na kiwanja cha ufukweni awe makini zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mikoko nayo ni hifadhi. Ukioneshwa kiwanja ambacho mawimbi yanasikika ukiwa umesimama katikati yake, pima mita 60 kwanza, kisha zungumza bei.

Karatasi zinasema nini

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na uzito wa haki hiyo unategemea karatasi ulizonazo. Hati miliki iliyosajiliwa, ya miaka 33, 66 au 99, ndiyo yenye nguvu zaidi. Chini yake kuna kiwanja kilichopimwa lakini hakijatolewa hati. Chini zaidi kuna eneo ambalo halijapimwa, ambalo linabadilishana mikono kwa hati ya mauziano tu.

Tofauti ya bei kati ya ngazi hizo ni kubwa, na hapo ndipo wengi wanapoona "unafuu". Lakini unafuu huo ni gharama iliyoahirishwa. Ukinunua eneo lisilopimwa, utalipia mpima, mchoro wa mipango miji na umilikishaji baadaye, na huenda barabara ikapita kwenye chumba chako cha kulala. Kama una subira na majirani wenye umoja, urasimishaji unawezekana. Kama huna, nunua kilichopimwa hata kama ni kidogo.

Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka zuio. Kisha linganisha jina hilo na kitambulisho cha aliyekaa mbele yako. Mtafute mpima, mzifukue bikoni na kuzisoma kwa kifaa chake. Jiwe linaweza kuhamishwa usiku, lakini vipimo vyake haviwezi kuhamishwa na jirani.

Kwa ardhi isiyo na hati, kuna mambo mawili yanayowaumiza wanunuzi wa Kigamboni mara nyingi. La kwanza ni mirathi. Mashamba mengi ya huku ni ya familia za wenyeji, yaliyorithiwa kutoka kwa babu. Kaka mmoja anauza, dada watatu hawajui. Muuzaji akisema ni urithi, dai nyaraka za mahakama zinazomteua kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi wengine watie saini. La pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamlinda mwenzi dhidi ya kuuzwa kwa makazi ya ndoa bila ridhaa yake. Mume akija kuuza nyumba peke yake, omba kuonana na shemeji kabla ya kuonana na wakili.

Serikali ya mtaa ni mahali pa kuanzia, kwa sababu mwenyekiti na mjumbe wanajua migogoro ya eneo. Ila muhuri wao unathibitisha kwamba mliuziana mbele yao, basi. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mmiliki. Na desturi ya kumdai mnunuzi asilimia 10 ya bei kwa ajili ya ofisi ya mtaa imekemewa na viongozi wa Serikali mara nyingi. Usiilipe kama sharti. Kinachotambulika ni ushuru wa stempu, ada za uthamini na usajili, na kodi ya ongezeko la mtaji anayopaswa kuilipa muuzaji.

Hesabu ya anayehamia

Tuchukue mfano. Familia inapanga Temeke kwa Sh250,000 kwa mwezi, na baba na mama wote wanafanya kazi mjini. Ina akiba ya kununua kiwanja, na itajenga kidogo kidogo kama wengi wanavyojenga: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua mkono ukipata.

Wakihamia Kimbiji ndani, tuseme kila safari moja ya mtu mmoja inakula Sh2,500 kwa bodaboda, daladala mbili na kivuko. Kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ni Sh10,000 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni Sh240,000. Kodi waliyoikimbia wanailipa barabarani, na juu yake wanalipa usingizi wao na muda wa kukaa na watoto. Wakijenga Kibada au Vijibweni, safari ikagharimu Sh1,500, jumla inashuka hadi Sh144,000. Kwa tofauti hiyo ya karibu laki moja kila mwezi, kiwanja cha Kibada kilichoonekana ghali kinaanza kujirudisha chenyewe. Bei ya kiwanja unailipa mara moja, nauli unailipa kila siku.

Kwa familia ya namna hii jibu langu ni ndiyo, nunueni, lakini sogeeni karibu na lami hata kama kiwanja kitapungua ukubwa. Mita 300 za mraba zenye maji ya bomba na shule ya kutembea kwa miguu zinalea watoto vizuri kuliko robo eka iliyojitenga. Na mkishapaua, hamieni. Kigamboni imejengwa na watu waliohamia kabla ya kupiga plasta, wakaweka milango ya mbao za kuazima, na kwa kuwepo kwao wakavuta umeme, duka na daladala.

Kuhusu mkopo wa nyumba, riba zinazotajwa kwenye ripoti za Benki Kuu zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19, na benki itataka hati. Kwa wengi, njia ya kujenga kwa awamu bado ndiyo inayoeleweka, mradi usinunue tofali mia mbili zikakaa miaka miwili zikiliwa na mvua.

Hesabu ya mwekezaji

Sasa twende kwa anayetaka faida. Tuseme kiwanja na nyumba ya vyumba vitatu vimemgharimu Sh70 milioni, na anapangisha kwa Sh300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3.6 milioni. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, zinabaki Sh3.3 milioni. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, zinabaki Sh2.97 milioni. Toa matengenezo ya Sh400,000, anabaki na Sh2.57 milioni. Hiyo ni chini ya asilimia nne ya fedha aliyoweka.

Mwaka 2022, hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25 zilitolewa kwa riba ya zaidi ya asilimia 12. Sh70 milioni zilezile zingelipa zaidi ya Sh8 milioni kwa mwaka, bila mpangaji wala tanki linalovuja. Kwa hiyo anayejenga nyumba ya kupangisha Kigamboni hategemei kodi ya pango. Anategemea ardhi ipande thamani, na lazima ajiulize itapandishwa na nini.

Historia ya hapa ina majibu yenye uchungu. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Kwa miaka kadhaa wakazi wa maeneo yaliyotajwa walizuiwa kuendeleza ardhi yao. Watu walishindwa kuongeza chumba, benki ziliogopa, vijana walioa wakiwa hawajui kama watabomolewa. Wakala wa kuuendesha mji huo uliundwa, mpango ukapunguzwa, na mwishowe ukaachwa na wakala ukavunjwa. Kule Dege, Somangila, NSSF na mbia wake walianza kujenga zaidi ya nyumba 7,000 za ghorofa, na mradi ukasimama mwaka 2016 majengo yakiwa hayajakamilika. Mwaka huohuo Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo, na sehemu ya watumishi ambao wangekuwa wanunuzi wakaondoka nayo.

Funzo ni kwamba aliyenunua kwa sababu ya michoro ya mji mpya alisubiri bure, na aliyenunua kwa sababu ya kisima, shule na barabara iliyopo alipata alichokilipia. Daraja lilipandisha thamani kwa sababu watu walilipita kwenda nyumbani kwao. Hakuna kinachopandisha bei ya mtaa kama taa zinazowaka jioni.

Anayenunua na kuacha pori hujiumiza kwa njia nyingine pia. Hati miliki huja na masharti ya kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi hudaiwa kila mwaka. Pori huvutia wavamizi, na kumwondoa aliyejenga kibanda na kupanda migomba kunaweza kula miaka mahakamani. Wakati huohuo majirani wachache waliojenga wanakosa maji na umeme, kwa sababu mtandao hauvutwi kwa ajili ya vichaka. Mtaa mzima unadumaa kwa subira ya watu wasiokaa hapo.

Kama ni mwekezaji kweli, jenga kitu ambacho watu wa hapa wanakihitaji leo. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kipo karibu na kivuko, na wanafunzi wake wanatafuta vyumba kila mwaka wa masomo. Wafanyakazi wa matangi, viwanda na hoteli wanahitaji chumba na sebule chenye choo ndani. Barabara ya Kibada inahitaji fremu za biashara. Vyumba sita vidogo kwenye kiwanja kimoja vinaweza kulipa kuliko nyumba moja kubwa, na vinaleta watu.

Uamuzi

Kigamboni ninaipendekeza kwa familia iliyo tayari kuishi huko ndani ya miaka miwili au mitatu, inayonunua ardhi iliyopimwa, karibu na lami na bomba, na iliyojaribu safari ya kazini kabla ya kulipa. Familia hiyo itapata hewa, nafasi, na makazi yaliyo karibu na katikati ya jiji kuliko vitongoji vingi vinavyouzwa kwa bei hiyohiyo.

Siipendekezi kwa anayetaka kununua ekari tatu za Pembamnazi kwa simu, akiwa Mwanza au Muscat, kwa sababu ndugu amemtumia picha. Aliye mbali akitaka kununua, amlipe wakili na mpima wake mwenyewe, wasiofahamiana na dalali, na fedha iende kwenye akaunti ya mmiliki aliyethibitishwa na upekuzi.

Manispaa nayo ina wajibu. Itenge barabara za mitaa kwenye ardhi kabla mashamba hayajaisha kukatwa, kwa sababu barabara isiyotengwa leo itakuja kununuliwa kwa bomoabomoa. Na isimamie masharti ya kuendeleza viwanja kwa haki, ikianza na wale wenye vingi. Nafasi ya kupanga mji kabla watu hawajajaa, Manzese na Mbagala hazikuipata. Kigamboni bado inayo, na itakayoitumia vizuri ni ile mitaa ambayo wenye viwanja wamekubali kuwa wakazi.